Kapeti la majani linanuka na limeota ukijani: kabla hujang'oa, funua kona kwanza

Dada mmoja wa Mbezi Beach kaniandikia, namfupishia. Ana kieneo mbele ya nyumba, mita sita kwa nane, palikuwa pa kuegeshea gari zamani, zege tupu, miaka miwili na kitu iliyopita akatandika nyasi bandia juu yake. Masika hii limeanza kunuka kama tambara la kudekia lililosahaulika kwenye ndoo, upande mmoja umeota ukijani unateleza mpaka mtoto kaanguka, mshono mmoja umeachia na umekaa wazi kama mdomo, na kuna tundu pale jiko la mkaa lilipodondosha kaa la moto siku ya nyama choma. Fundi aliyemtandikia kaja, kaangalia dakika mbili, kasema hii imeshakufa mama, nunua mpya. Anauliza ni kweli imekufa au inatengenezeka, na hapa pwani vitu hivi vinatunzwaje?

Dada, shikamoo kama we ni mkubwa kwangu, kama mdogo basi nimeshaitikia marahaba. Nikujibu: bado hujui kama imekufa, na fundi wako naye hajui, maana alichoangalia ni juu tu na juu ndo pa mwisho kuharibika. Yale majani yenyewe ni plastiki, ya kwako kwa maelezo yako naona ni polithini, ukoo mmoja na ndoo na madumu, na dumu linakaa uani miaka na miaka linapigwa mvua halinuki wala halioti kitu. Kinachonuka hapo kwako ni vumbi, majani ya mwarobaini yaliyooza, makombo ya maandazi, mkojo wa paka wa jirani, vyote vimelowana na maji hayana pa kwenda. Ugonjwa uko chini ya kapeti, sio kwenye kapeti.

Nieleze kwanini zege ndo linaleta shida. Geuza kapeti lolote la majani uangalie mgongo wake, utaona vitundu vidogo vimepangwa kila baada ya kama sentimita kumi hivi, hivyo ndo mlango wa maji. Ukilitandika juu ya kokoto zilizoshindiliwa maji yanapita kwenye vitundu yanazama yanaenda zake. Ukilitandika juu ya zege bapa, vitundu vinakaa vimebanwa na zege kama umeziba chupa kwa kiganja, maji yanashuka yanakuta ukuta, yanatembea pole pole chini ya mgongo yakitafuta mteremko, na kama mteremko haupo au zege lina bonde katikati basi yanakaa hapo hapo. Kiangazi husikii kitu kwasababu jua linakausha. Mwezi wa tatu mpaka wa tano, mvua kila siku na hewa yenyewe imejaa unyevu, hakikauki kitu, ndo unaanza kusikia harufu. Kwahiyo hata ukinunua mpya ukatandika pale pale, masika ya mwakani au ya mwaka unaofuata unaniandikia tena, na fundi wako anakuuzia ya tatu.

Sasa funua. Chagua kona ile yenye ukijani, ng'oa misumari mitatu minne, inua kama unavyoinua jamvi. Misumari ikitoka imekula kutu mpaka imekuwa myembamba kama sindano usishangae, chumvi ya hewa ya huku haiachi chuma salama, utakaporudishia tafuta iliyopakwa zinki.

Ukishainua shughulika na mgongo kwanza. Kuna migongo ya namna mbili, wa latexi na wa poliyurethani, ambayo ni aina ya plastiki. Wa latexi ndo wa bei rahisi na ndo umejaa mjini, ni kama raba nyeusi iliyopakwa nyuma kushikilia nyuzi, na raba hii ikikaa kwenye maji muda mrefu inachoka. Ukunje kwa vidole, uparue kwa kucha. Ukibaki unanyumbuka kama soli ya kandambili mpya, uko hai. Ukimeguka meguka na kuacha unga mweusi mkononi, hapo pana shida. Alafu chukua plaizi, shika kishungi kimoja cha nyasi kwa upande wa juu, vuta kwa nguvu ya kawaida tu ya mtu mzima. Kikigoma, vizuri. Kikitoka laini kama nywele kwenye sabuni, basi sehemu hiyo imekufa kweli na hakuna gundi itakayoirudisha, fundi wako atakuwa kasema kweli kwa bahati. Fanya jaribio hili sehemu tano tofauti, sio moja, maana mara nyingi unakuta kimekufa kipande cha mita moja kwenye bonde la zege na kwingine kote kuzima. Mi kwa uzoefu wangu miaka miwili ni mapema sana kufa zima zima.

Na kabla hujaendelea inua macho juu, angalia ukutani. AC yako inamwagia wapi? Nauliza kwasababu ulisema ukijani uko upande mmoja, na nyumba kama tatu nne nilizoitiwa Mikocheni na huko kwenu tatizo lilikuwa kibomba cheupe cha AC kinadondosha tone tone usiku kucha juu ya majani, mvua isinyeshe kabisa lakini pale pamelowa siku 365. Ukikuta mstari wa kijani kibichi umeanzia ukutani chini ya kibomba na unasambaa kama ulimi, umeshampata mchawi wako. Unanunua bomba la plastiki mita chache unaliunga mpaka kwenye chemba au kwenye ndoo, maji ya AC ni mazuri tu kumwagilia maua. Hiyo ni kazi ya nusu saa na inaweza ikawa nusu ya tatizo lako.

Haya, zege. Weka ubao mrefu ulionyooka juu yake, juu ya ubao weka pima maji, uone linaelekea wapi. Unachotaka ni angalau sentimita moja ya kushuka kwa kila mita, yaani kwenye zile mita sita zako upande wa getini uwe chini kwa sentimita sita kuliko ukutani, ikifika kumi na mbili ni raha zaidi. Huna pima maji? Mwaga ndoo ya lita 20 usubiri robo saa, palipobaki dimbwi ndo bonde, zungushia chaki. Sasa mabonde hayo unayatoboa. Drili ya kutobolea zege, biti ya milimita 16 au zaidi, tundu kila sentimita 30 ndani ya ile chaki, toboa mpaka uguse udongo, alafu jaza kokoto ndogo zile za pilipili ili tundu lisizibwe na matope. Ila toboa moja kwanza ulijaze maji usubiri, maji yakizama endelea, yakikaa tuli ujue chini ni mfinyanzi na utapoteza biti bure, hapo dawa ni kukata mfereji mdogo upande wa chini uyatoe maji nje. Na muulize aliyejenga bomba la maji na waya wa umeme vinapita wapi kabla hujawasha drili, tafadhali.

Niwaonye na wengine wanaosoma: hii ya kutoboa ni kwa zege lililolala juu ya ardhi tu. Kama umetandika ghorofani, kwenye baraza au juu ya dari la zege, USITOBOE, utahamishia maji chumbani kwa mtu wa chini. Ghorofani unaweka chini yake mkeka wa plastiki wenye vinundu unaoliinua kapeti maji yapite chini kwa chini, na unahakikisha tundu la kutolea maji halijafunikwa. Nimeshakuta tundu la maji limefunikwa na nyasi, mtu kakata vizuri kabisa kafunika, panapendeza, sasa maji yaende wapi jamani.

Kusafisha. Kwa hali ya kwako lisafishwe kwa kutolewa, sio kwa kumwagiwa dawa pale pale. Uwanja wa mita sita kwa nane bila shaka umetandikwa vipande vitatu vya upana wa mita mbili, kwahiyo una mishono miwili ya mita nane nane. Weka alama kipande kipi kilikuwa wapi na kinaangalia upande gani, hii usisahau nitakwambia kwanini. Fagia mchanga wote uliomwagwa kati ya nyuzi utoke, uweke pembeni, kunja kipande kimoja kimoja na watu wanne maana kikilowa ni kizito kama maiti. Lile tope jeusi la chini likwangue kwenye zege na kwenye mgongo, sugua kwa brashi ngumu ya nailoni na sabuni ya unga ya kawaida, suuza, alafu litundike ukutani au juu ya viti mgongo ukiangalia jua siku mbili. Usitumie brashi ya waya kabisa. Mashine ya kuoshea magari unaweza kutumia ila kaa mbali kama sentimita 30 na upige kwa kulalia, ukisogeza mdomo wa bomba karibu unang'oa nyuzi mwenyewe alafu unamlaumu mchina.

Ukijani ule ukibaki hata baada ya sabuni, siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, nyunyiza, acha robo saa, sugua, suuza. Ikishindikana ndo uje kwenye jiki, kikombe kimoja kwenye ndoo ya lita kumi, dakika kumi tu, suuza mpaka harufu iishe, na ufanye jioni ili isikaukie juani. Jiki sio ya kila wiki, inachosha mgongo na inapausha rangi. Na sikiliza, siki na jiki HAVICHANGANYWI. Usiseme umepaka siki haijafanya kazi sasa unamwagia jiki juu yake, inatoka gesi ya klorini inayochoma mapafu, kijana wangu mmoja alifanya hivyo kwenye uwanja uliozungushiwa ukuta, alikohoa siku mbili na macho mekundu, na huyo alikuwa nje kwenye hewa. Pa mbwa na paka vile vile, mkojo mbichi na jiki ni gesi nyingine mbaya, suuza mkojo kwa maji mengi kwanza, ukikauka ndo unyunyize ile siki.

Sasa tuje kwenye mshono, hapa ndo napapenda na ndo mafundi wengi wanapoharibu.

Mshono wako umeachia kwasababu ya gundi, nina uhakika hata bila kuona. Mafundi wetu wengi wanatumia ile gundi ya njano ya kopo, ya washona viatu na watu wa masofa, kwasababu ipo kila duka la vifaa na inashika haraka. Sasa majani ya plastiki kwenye jua la saa saba yanapita nyuzi joto 60, hata we mwenyewe hukanyagi peku, gundi ile inalainika kila mchana na kila usiku inalowana, miaka miwili imejitahidi sana. Inayotakiwa ni poliyurethani ya makopo mawili, kubwa la gundi na dogo la kigandishi, unachanganya mwenyewe. Changanya kidogo kidogo, kwa joto la Dar inaanza kukugandia kopo likiwa bado mkononi.

Na unyevu. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi hii nilitandika Kigamboni, mvua ilinyesha usiku, asubuhi mteja ananiharakisha ana sherehe Jumamosi, nikapangusa pangusa na tambara nikapaka gundi. Poliyurethani ikikutana na maji inachemka, inatoa povu, ikiganda inakuwa na mapovu ndani kama mkate, inashika kwa macho tu. Mwezi haukuisha mshono wote uko wazi, nikarudia kazi kwa hela yangu. Tangu hapo wakati wa masika sigusi gundi, mteja akasirike tu. Subiri mwezi wa sita, chagua siku kavu, anza saa nne asubuhi umande ukiwa umeisha, ukishaweka pasikanyagwe mpaka kesho yake saa hizo hizo.

Kwenyewe kunafanyika hivi. Kata ukingo wa kila kipande, ondoa mistari miwili au mitatu ya nyuzi, ukate kwa upande wa mgongoni ukifuata njia kati ya mstari na mstari, bledi mpya kila baada ya mita mbili tatu kwasababu plastiki na mchanga vinaua makali upesi sana. Kutanisha vipande viwili vikavu bila gundi kwanza. Nafasi kati yao iwe milimita mbili mpaka tatu, ili mistari ya nyuzi pale kwenye mshono iachane sawa na ya kwingine. Ukibana zaidi mshono unavimba kama kovu, ukiacha zaidi unaonekana njia. Ukiridhika kunja kingo zote mbili nyuma, laza tepu ya kuungia katikati, upande laini ukiangalia chini, paka gundi kwa kichana cha plastiki chenye meno, alafu rudisha kingo pole pole ukitenganisha nyuzi kwa vidole. Uzi ukinaswa kwenye gundi chini hautoki tena, kwahiyo unakwenda sentimita kumi unaangalia, sentimita kumi unaangalia. Mgongo utauma. Ukimaliza weka mifuko ya mchanga juu ya mshono mzima, sio tofali, tofali linagandamiza mahali pamoja tu.

Na ule mwelekeo niliosema uweke alama: nyasi bandia zina upande zinakolalia. Vipande vyote vilale upande mmoja, ukigeuza kimoja, hata kama ni roli lile lile, kitaonekana rangi tofauti kabisa, kimoja kimekoza kingine kimepauka, na mteja hatakuelewa hata umwambie nini.

Tundu la mkaa ni kazi ndogo. Nyuzi zilizoyeyuka hazirudi, usikate kate kwa mkasi ukidhani zitaota. Kata kipande cha mraba kinachozidi tundu kwa pande zote, fuata mistari, afu uweke kiraka kwa tepu na gundi ile ile. Ila kiraka usinunue kipya dukani! Kipya kitang'aa kama jino la dhahabu, majani yako yameshapigwa na jua miaka miwili. Ng'oa kipande kwenye uwanja wako mwenyewe, sehemu isiyoonekana, nyuma ya tanki la maji au chini ya vyungu vikubwa vya maua, kile cha dukani ndo ukazibe huko kwenye tanki. Hata hivyo angalia, chini ya chungu huwa hapajapauka, kwahiyo bora pembeni ya tanki panapopata jua kidogo. Na jiko, dada, liwe kwenye pevingi. Au weka bati la mchanga chini.

Ukirudishia yote ndo mchanga. Watu wanadhani mchanga ni urembo, kumbe ndo unaoshikilia nyasi zisimame na kulifanya kapeti lisitembee. Kwa nyasi za nyumbani kilo tano mpaka saba kwa mita moja ya mraba panatosha, eneo lako ni mita za mraba 48, kwa kilo sita unapata kilo 288, sema mifuko kumi na mbili ya kilo 25. Uwe mchanga wa silika uliooshwa na kukaushwa. Mchanga wa baharini usiulete hata kama uko mita 300 kutoka kwako na ni bure, chumvi inavuta unyevu na itabaki imelowa masika na kiangazi. Wa mtoni ule mwekundu una udongo, ukipata mvua unakuwa tope na unaziba vitundu, umerudi pale pale. Zile punje nyeusi za mpira wanazoweka kwenye viwanja vya soka nazo achana nazo, zinapika miguu ya watoto na zinaingia mpaka kitandani. Mchanga wako wa zamani kama ulikuwa mzuri uoshe, uanike, uutumie tena, utanunua mifuko michache tu ya kujazia. Mwaga ukiwa mkavu na majani makavu, huku unafagia kinyume na zinakolalia ili zisimame mchanga ushuke katikati.

Kulitunza baada ya hapo sio kazi. Ufagio mgumu mara moja kwa wiki kinyume na zinakolalia, wakati wa masika mara mbili, majani ya mti yasilale juu zaidi ya siku mbili tatu, yale ya mwarobaini ni madogo yanazama katikati ya nyuzi ukichelewa huyatoi tena. Mwezi wa pili kabla mvua hazijaanza inua kingo mbili tatu uangalie matundu ya maji hayajaziba, na kabla ya vuli tena. Vyungu vya maua visikae sehemu moja mwaka mzima, na vile visahani vya chini yake vimwage, mbu wanazaliana humo. Magugu yakichomoza pembeni ng'oa kwa mkono yakiwa madogo, mzizi ukishapenya kwenye mgongo unalipanua tundu.

Kwahiyo kwa sasa usinunue kitu. Rekebisha kile kibomba cha AC wiki hii, funua kona ile, fanya lile jaribio la plaizi sehemu tano, na unipigie picha ya mgongo na ya zege chini yake, mchana kwenye mwanga. Kama zaidi ya nusu nyuzi zinatoka, nitakwambia mwenyewe nunua, ila tutatoboa zege kwanza. Zikigoma, huyo fundi mwambie asubiri mwezi wa sita aje na gundi ya makopo mawili.